Pamoja na Kuku, Singida hadi Shekilango

Kuku wa Singida wana jina. Mama ntilie wa Dar es Salaam akitaka kumvuta mteja anayesitasita mbele ya sufuria la supu, hahangaiki kueleza viungo. Anasema tu kwamba kuku ametoka Singida, na mteja anavuta kiti. Kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko broila, na anayelipa anajua analipia nini: nyama iliyokomaa, mchuzi wenye ladha, na maisha ya kuchakura uani bila kufungiwa.

Hayo maisha ya uani yapo kweli. Singida ni mkoa wa katikati ya Tanzania, wenye majabali, mashamba ya alizeti na msimu mmoja tu wa mvua. Mvua ikigoma, mtama na uwele navyo vinagoma, na familia inabaki na kuku. Tetea wawili wanalipa mchango wa shule, jogoo anatoa nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na mgeni wa heshima haondoki bila kuchinjiwa. Kwa hiyo vijijini karibu kila kaya inafuga, na wachache mno wanaojenga banda la maana. Kuku wanashinda wakitafuta wadudu na mbegu zilizodondoka, wanaoga vumbi kivulini, na jua likizama wanapanda mtini au wanaingia jikoni.

Swali lililonipandisha kwenye lori la Fuso ni la baada ya hapo. Kuku huyu ambaye hajawahi kuona kizimba anafikaje kwenye sufuria la Dar es Salaam, takribani kilomita 700 kutoka alikoanguliwa?

Safari yake huanza gizani. Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi, kando ya barabara kuu iendayo Manyoni, mama mmoja wa Kinyaturu alitupokea giza lilipoanza kuingia, kwa kuwa kuku haoni vizuri usiku na kumkamata mchana ni kumfukuza kijiji kizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe unanunua?"

"Hapana mama, nimekuja kuona tu."

"Kuona kuku?" Akacheka, akawaambia wajukuu zake kwamba mgeni ametoka mjini kuja kuangalia kuku wakilala.

Kazi yenyewe aliifanya bila papara. Aliingia jikoni na kitochi cha simu, akafika kwenye mti waliolalia, akamzungushia tetea viganja viwili juu ya mabawa yaliyokunjwa, akamwegemeza kifuani. Kuku hakupiga kelele. Alitoa mlio mmoja wa chini, akatulia. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Hakuna aliyemfundisha mama huyu ustawi wa wanyama. Anajua tu kwamba kuku akipiga kelele jikoni, wote wanaruka na chungu kinapasuka.

Mlangoni alisubiri kijana wa pikipiki, wakala wa mfanyabiashara wa mjini. Aliwapokea kwa miguu, akawafunga wawili wawili kwa kamba iliyochanwa kwenye salfeti, akawatundika kwenye fito iliyolazwa nyuma ya kiti, vichwa chini. Kuanzia hapo hakuna tena aliyewashika kwa mikono miwili.

Kumbeba kuku kichwa chini kumezoeleka kiasi kwamba anayembeba vinginevyo huonekana anamdekeza. Mwili wa ndege una maelezo yake. Hana ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo alio nao binadamu. Akining'inizwa, matumbo yanaelemea mifuko ya hewa inayomsaidia kupumua. Ndiyo maana hupigapiga mabawa kwa muda mfupi kisha akanyamaza. Wengi huona ukimya huo wakasema kuku ametulia. Waliopima damu ya kuku walioning'inizwa wamekuta homoni za mshtuko zimepanda.

Mbona mama aliuza tetea watatu usiku huo, wakati bei hupanda kuelekea sikukuu? Jibu lilikuwa ng'ambo ya bonde. Kuku wa jirani walikuwa wameanza kusinzia na kuhara kijani, na kila mfugaji wa kijijini anajua hizo ni dalili za nini. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa muda mfupi. Anayesikia habari zake huuza haraka kabla haujapiga hodi kwake. Hivyo sehemu ya kuku wanaopanda lori ni wale walioanza kuugua bila kuonyesha, na tenga moja linakusanya kuku wa nyumba nyingi.

Dawa ya kuuponya hakuna, ila chanjo ipo, na inatengenezwa nchini. Aina ya I-2, inayohimili joto kuliko chanjo za zamani zilizotaka jokofu muda wote, huzalishwa na maabara ya serikali ya mifugo. Hudondoshwa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Ni chanjo ya bei nafuu sana ukiihesabu kwa kuku mmoja.

Tatizo ni kwamba haiuzwi kwa kuku mmoja. Chupa hutengenezwa kwa ajili ya kuku mia au zaidi, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Mama ana kuku kumi na wawili. Ili chupa isimwagike bure lazima kaya kama kumi zikubaliane siku moja, zichangishane, na mtu wa kuchanja apatikane asubuhi kabla kuku hawajatawanyika. "Mwaka juzi tulikubaliana," alisema. "Mwaka jana kila mtu alikuwa shambani."

Singida mjini, nyuma ya ghala la kusindika alizeti, Fuso lilikuwa limeshapakia magunia ya mashudu. Mashudu ni masalia ya mbegu baada ya kukamuliwa mafuta, na ni chakula kikubwa cha kuku wa mayai wa Pwani na Dar es Salaam. Juu ya magunia hayo kulipangwa matenga ya kuku. Lori moja hubeba kuku wa kienyeji na chakula cha kuku wa kisasa kwa pamoja.

Mwenye kuku ni mwanamke wa makamo anayefanya biashara hii tangu barabara ya lami haijafika. Alisimamia upakiaji mwenyewe. Tenga limefumwa kwa fito, duara, na mdomo wake ni mdogo ili kuku wasiruke. Utingo alimwingiza kuku wa kwanza akaenea vizuri, akasimama akatazama nje kwenye upenyo. Wa ishirini alikuta wenzake wamechuchumaa. Kuanzia wa arobaini, utingo alianza kutumia kiganja: anasukuma kifua cha anayeingia, anabana, anazungusha tenga kidogo kuku wa chini wakae, anaongeza mwingine. Bawa la tetea mmoja mwekundu lilibaki nje ya upenyo, limepinda. Utingo alilirudisha kwa kidole gumba.

Nilimuuliza mama mwenye mali kama hawabani mno.

"Wanabana," alikiri papo hapo. "Lakini nauli nalipa kwa tenga, mwanangu. Tenga la kuku thelathini na tenga la kuku hamsini, dereva anachukua hela ileile."

Akanifanyia hesabu vidoleni. Akipunguza kuku kumi kila tenga, atahitaji matenga mawili zaidi. Nauli ya matenga mawili ni kubwa kuliko thamani ya kuku watatu au wanne wanaokufa njiani kwa kawaida. Kwa hiyo wanaokufa ameshawaweka kwenye bei. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini anapanda nyuma ya gari badala ya mbele.

Sheria inamhesabu kuku kwa namna nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na kukataza kumtesa, na ndege wamo. Kenya nayo ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ya zamani zaidi. Mbele ya sheria hizo, tetea mwekundu mwenye bawa lililopinda ni mmoja, anajitegemea. Mbele ya nauli, yumo ndani ya kitu kimoja kiitwacho tenga.

Tuliondoka usiku. Dereva wa kuku hupenda usiku, kwa sababu upepo wa baridi unapita katikati ya matenga na foleni hakuna. Issuna, Manyoni, Bahi: vijiji na miji ilipita gizani, na kutoka juu hakukusikika sauti yoyote. Maji hawakupewa. Mama alieleza kwamba kuku akinywa atahara, na kinyesi cha wa juu kinamwangukia wa chini; tena aliyelowa usiku anapata baridi. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba kuku aliyekamatwa jioni kijijini, akalala ghalani siku inayofuata, akasafiri usiku wa pili, anaweza kufika sokoni akiwa hajaonja tone.

Dodoma tulipita mji umelala. Gairo kulikuwa na ukungu na baridi ya milimani, na utingo alipanda juu kufunika matenga ya mbele kwa turubai. Morogoro kulikucha. Hadi hapo, kwa hesabu ya utingo aliyekuwa akichungulia kwa tochi, hakuna aliyekufa.

Ugumu uko kwenye kipande cha mwisho, na sababu yake ni hewa yenyewe. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi hata akiwa mzima, na akizidiwa hupumua kwa kasi huku mdomo wazi, ili unyevu wa kooni uondoke na joto. Dodoma, ambako hewa ni kavu, mbinu hiyo inafanya kazi. Kadiri gari linavyoteremka kuelekea Chalinze na Pwani, hewa inabeba mvuke wa bahari, na unyevu wa kooni hauna pa kwenda. Nyuzi 32 za Pwani humchosha kuku kuliko nyuzi 32 za Bahi. Kuku aliyevumilia usiku mzima anaweza kufa saa mbili kabla ya kufika.

Na gari likisimama ni balaa. Baada ya Chalinze tulikuta malori yamepanga mstari kusubiri kupimwa uzito. Upepo ukakatika. Ndani ya dakika chache midomo yote iliyoonekana kwenye matundu ilikuwa wazi, ndimi zikicheza, na mlio ukaanza, mkavu, wa pamoja. Utingo alipanda akavua turubai. Aligusa tenga moja baada ya jingine, akafungua la katikati, akamtoa jogoo aliyeanza kulegea shingo. Alishuka naye mbio kando ya barabara, akaelekea kibla, akamchinja kwa kisu alichokichomoa mfukoni mwa suruali.

Mbio hizo zina sababu. Kuku aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi, na hasara ni ya mama. Aliyewahiwa anauzwa kwa mama lishe wa hapohapo. Utingo ni Mwislamu na anaijua dini yake: mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanamtaka mchinjaji awe na kisu kikali, asikinoe mbele ya mnyama, na asimtese anayemchinja. Kisu chake kilikuwa kikali kweli, na jogoo hakuhangaika. Dakika zile za mwisho zilikuwa za huruma kuliko saa kumi na mbili zilizozitangulia.

Kibaha Fuso liliacha barabara kuu, likaingia njia ya vumbi kushusha mashudu kwenye shamba la kuku wa mayai. Mwenye shamba ni mzee mstaafu, mtu wa mpangilio, aliyetutaka tukanyage kwanza kwenye beseni la dawa. Alikuwa na mabanda mawili. Moja la sakafu yenye maranda, jingine jipya lenye keji za chuma zilizopangwa ghorofa tatu.

Ndani ya banda la keji kulikuwa kusafi kuliko nilivyotarajia. Mayai yanabingirika yenyewe hadi kwenye mfereji wa mbele, kinyesi kinaanguka chini mbali na kuku, maji yanatoka kwa chuchu. Mzee aliniazima futi kamba. Kila chumba kilikuwa na upana wa sentimita 40 na kina cha 45, na kuku wanne ndani. Sentimita za mraba 450 kwa kila mmoja. Karatasi ya A4 ina takribani 624.

Katika nafasi hiyo kuku anaweza kusimama, kula, kunywa na kutaga. Hawezi kukunjua mabawa yote mawili. Hawezi kuoga vumbi, na wale waliokuwa karibu na chombo cha chakula walionekana wakichuchumaa na kujipigapiga kwenye nyavu za chuma kana kwamba mchanga upo. Wataalamu wa tabia za ndege wameieleza hali hiyo mara nyingi. Hawezi pia kujificha anapotaga, na tetea, hata aliyezalishwa kwa vizazi vingi ndani ya mashine, bado hutafuta kona kabla ya kuachia yai.

Habari hizi si mpya. Mwaka 1964 mwanamke wa Kiingereza, Ruth Harrison, alichapisha kitabu kiitwacho Animal Machines kilichoonyesha yaliyokuwa yakitendeka ndani ya mabanda ya kisasa ya nchi yake. Kelele zilikuwa kubwa hata serikali ikaunda kamati, na mwaka 1965 kamati hiyo, iliyoongozwa na Profesa Brambell, ikapendekeza mnyama awe na nafasi ya angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutoka hapo, mwaka 1979, likazaliwa tamko la uhuru wa aina tano ambalo leo hufundishwa kwenye vyuo vya mifugo duniani: mnyama asiwe na njaa wala kiu, apate mahali panapomfaa, asiachwe na maumivu au ugonjwa, aweze kutenda yaliyo ya asili yake, asiishi kwa hofu. Uswisi iliachana na keji za namna hiyo kufikia 1992. Umoja wa Ulaya ulipitisha uamuzi mwaka 1999, ukawapa wafugaji hadi Januari 2012.

Keji sasa zinauzwa Afrika Mashariki kwa matangazo ya rangi. Mzee alinijibu kabla sijamaliza swali.

"Kijana, kiwanja hiki nilikinunua kwa mita. Sikukinunua kwa kuku." Akaonyesha ukuta wa jirani. Nyumba zimemzunguka. Banda la sakafu linalotosha kuku mia tano, likiwekewa keji linachukua mara mbili na zaidi, na vibarua wanapungua.

Akanipeleka kwenye banda la sakafu ili nisimwone mbaya peke yake. Huku kuku walitembea, walichakura maranda, waliruka juu ya fito. Lakini wengine walikuwa na migongo mitupu, wamenyonyolewa na wenzao, na mmoja alikuwa na kidonda mkiani ambacho kila apitaye alikidonoa. Kuku wa sakafuni hupata minyoo zaidi, hudonoana, na wakishaonja damu huweza kumuua mwenzao. Kinga ya kawaida ni kukata ncha ya mdomo kifaranga akiwa mdogo, kwa kisu cha moto. Ncha hiyo ina neva. Ndiyo inayomwambia kuku anachogusa. Mzee huyu alikuwa ameacha kuikata. Alipunguza idadi ya kuku, akaziba mwanga mkali wa madirishani, na akatundika vichwa vya kabichi kwa kamba, usawa wa kumfanya kuku aruke kidogo. Kabichi moja iliyokuwa jirani na mlango ilikuwa imebaki kikonyo, na kuku saba walikuwa bado wanaigombania.

Mzee hafugi tena broila. Kuku huyo wa nyama ana habari nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walichapisha matokeo ya kufuga pamoja kuku wa kizazi cha mwaka 1957 na wa kizazi cha 2005, kwa chakula kilekile. Baada ya siku 56, wa zamani alikuwa na gramu 905. Wa 2005 alikuwa na gramu 4,202. Hakuna sindano wala homoni, kama wanavyodhani walaji wengi. Ni uteuzi wa mbegu, mwaka baada ya mwaka. Moyo na miguu havikukimbia kwa kasi ya kifua. Ndiyo maana kwenye banda la broila siku za mwisho utaona waliokaa tu juu ya maranda yaliyolowa, nyayo zimeungua kwa amonia, wakijikokota hadi kwenye maji. Mfugaji huhesabu mifuko ya chakula, na kila siku ya ziada ni mfuko mwingine.

Wako pia wasiofika hata bandani. Kuku wa mayai huzalishwa kwa ajili ya mayai, na ndugu zao wa kiume hawatagi wala hawanenepi upesi. Kwenye mashine kubwa za nchi tajiri huuawa siku ileile wanayoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, na sasa jinsia hupimwa yai lingali halijaanguliwa. Huku kwetu wapo wanaowanunua vijogoo hao kwa bei ya kutupa na kuwalea hadi wafae kwa nyama. Umaskini umewaokoa mahali ambapo utajiri uliwasaga.

Kifaranga naye ana kipimo chake, boksi la kusafirishia. Mwishoni mwa Oktoba 2017, mpakani Namanga, mamlaka za Tanzania zilikamata vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kinyume cha zuio la kuagiza kuku, lililowekwa kwa hofu ya mafua ya ndege. Thamani yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 12.5. Vilichomwa moto, na vyombo vya habari viliripoti kuwa vilichomwa vikiwa hai. Wakenya walilalamika kwa sababu za biashara na ujirani, wapenda wanyama wa nchi zote mbili wakalalamika kwa sababu nyingine. Kulinda nchi na ugonjwa ni wajibu wa serikali yoyote, na kuna nyakati kuku lazima wauawe. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeandika njia za kufanya hivyo, gesi ikiwemo, ili ndege apoteze fahamu upesi. Sheria ya 2008 ilikuwa na umri wa miaka tisa wakati moto huo unawashwa.

Wakati sisi tukitembea mabandani, vibarua walikuwa wakishusha magunia. Matenga yalikuwa yameteremshwa chini ili kupisha, yakawekwa juani. Mzee ndiye aliyeona. "Hawa wa nani? Watakufa hawa!" Akaamuru yasogezwe chini ya mwembe, na kijana wake akaleta mpira wa maji akalowesha ardhi kuyazunguka. Mwenye keji alikuwa wa kwanza siku ile kuwafikiria kuku wa kienyeji. Tetea mwekundu alikuwa hai. Tulipopakia upya, wawili walikuwa hawapo tena duniani, wamekufa chini kabisa ya tenga la katikati, wamekanyagwa.

Shekilango tulifika mchana. Ni soko la Dar es Salaam la kuku wa kienyeji wanaotoka mikoani, la vizimba vya mbao, manyoya, wanunuzi wa mahoteli wakibonyeza vifua vya majogoo, bodaboda wakisubiri. Matenga yalishushwa na kufunguliwa. Kuku waliotoka hawakukimbia. Walikaa walipowekwa, kisha mmoja akaona beseni la maji, na ndani ya sekunde chache beseni halikuonekana kwa vichwa. Mama mwenye mali alilijaza tena mwenyewe, mara tatu, kwa sababu kuku aliyekunywa anachangamka na mnunuzi hataki kuku anayesinzia.

Mnunuzi mmoja alichukua kumi. Akaomba wafungwe miguu, watundikwe kwenye bodaboda. Muuzaji wa kizimba cha jirani, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimwonyesha kreti ya plastiki yenye mlango juu, ya manjano, iliyooshwa. Kreti za namna hiyo huoshwa kwa dawa, zina matundu pande zote, hupangwa moja juu ya nyingine bila kukandamizana, na kuku husimama juu ya miguu yake. Kijana hakumpa hotuba. Alimwambia: "Kaka, chukua, uirudishe jioni. Wa hotelini wakiona kuku hana michubuko hawakupunguzii bei." Mnunuzi aliifunga kreti nyuma ya pikipiki.

Mama alikuwa anasikiliza. Alimwita dereva aliyekuwa akila chipsi kivulini.

"Mwanangu, wangapi wamekufa leo?"

"Wawili, mama. Na yule tuliyemchinja."

"Watatu. Na kumi na moja nimewauza kwa bei ya chini, wamechubuka." Hiyo hesabu ya pili hakuwa ameifanya Singida. "Jumatatu nataka unitoze kwa kichwa. Kuku mmoja, bei moja. Nikileta kreti au tenga, isikuhusu."

Dereva alifuta mafuta mdomoni. "Kreti zinakula nafasi, mama. Magunia ya mashudu nitayaweka wapi?"

"Punguza gunia mbili, nitalipia."

"Utalipia bei ya Singida au bei ya Kibaha?"

Mama akavuta ndoo akakaa, akatoa kalamu kwenye pochi, na mabishano ya bei ya kichwa yakaanza upya kutoka shilingi ya kwanza.